Majipu yamezunguka nyumba nzima, mume wangu anataka yaya aondoke

SWALI

Daktari, hujambo na pole kwa kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kayole kwenye ploti ya vyumba vya kupanga. Maji ya mfereji hutujia siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua kwa mtungi.

Shida yetu ni vidonda. Alianza kitinda mimba wangu mwenye miaka minne. Alitokwa na vipele vidogo chini ya pua, vikapasuka na kuacha vigaga vya manjano kama asali iliyokauka. Kabla hajapona, kaka yake wa darasa la nne akaota jipu takoni, kisha jingine pajani. Baba yao naye sasa ana jipu kubwa kisogoni lenye vichwa vitatu, hata kugeuza shingo hawezi. Mimi mwenyewe nilipata dogo kwapani, likaiva na kupasuka lenyewe. Binti yangu mkubwa peke yake ndiye bado mzima.

Nilienda kemisti ya pale steji nikauziwa vidonge vya amoksilini vya siku tatu, kila mtu vyake, na tyubu ya krimu ambayo muuzaji alisema inatibu kila kitu cha ngozi. Vidonda vya mtoto vilififia, halafu vikarudi vingi kuliko mwanzo, mpaka shavuni. Mwalimu wake wa chekechea amenirudishia mtoto akisema nisimpeleke mpaka akauke.

Mama mkwe yuko nasi kwa sasa. Anasema ni damu chafu, na ametuchemshia mizizi ya kuharisha ili itoke. Jioni humkamua kijana majipu kwa sindano ya kushonea. Mimi naogopa lakini siwezi kumzuia, ni mzee wetu.

Linaloninyima usingizi zaidi ni yaya. Alipofika kwetu alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu, nikakiona nikanyamaza. Mume wangu sasa anasema huyo ndiye aliyetuletea ugonjwa na mwisho wa mwezi aondoke. Ni msichana mwenye heshima, watoto wanampenda, na kwao hawana kitu. Juu ya hayo, jirani mmoja amenong'ona kwamba mtu akirudiwa na majipu ni dalili ya ukimwi. Nisaidie. Je, damu yetu ni chafu? Yaya ndiye chanzo? Na mbona haviishi?

Mama wa watatu, Kayole

JIBU

Mama wa watatu, pole sana. Kabla sijafika kwa yaya, kuna wawili katika barua yako ambao sitaki wangoje: baba watoto na kitinda mimba.

Jipu la kawaida lina kichwa kimoja kwa sababu ni shimo la unywele mmoja lililoingiwa na bakteria. La mumeo lina vichwa vitatu, na hiyo maana yake ni kwamba majipu kadhaa yameungana chini ya ngozi na usaha umejitengea vijumba ambavyo dawa ya kumeza haivifikii vizuri. Hilo halisubiri liive na halikamuliwi nyumbani. Kesho asubuhi aende hospitali lipasuliwe kwa kisu safi, lioshwe, na akiwa hapo hapo atobolewe kidole apimwe sukari. Majipu makubwa ya kisogoni na mgongoni huwapenda sana watu wenye kisukari, na wapo wengi ambao jipu ndilo lililowafichulia kwamba wana kisukari.

Apimwe na VVU pia, nawe upimwe. Katika vituo vya serikali kipimo hicho hakilipiwi. Nasema hivyo kwa sababu ni vizuri kila mtu mzima kujua hali yake. Jirani yako amekutisha bure. Ni kweli kinga ikishuka majipu huongezeka, lakini nyumba nzima inapougua pamoja, watoto kwa wakubwa, ninachokiona mimi ni kijidudu kinachopita kutoka ngozi hadi ngozi.

Mtoto wa miaka minne naye ana kile tunachokiita impetigo, kutokana na hivyo vigaga vya manjano puani na mdomoni. Wenyewe si ugonjwa wa kutisha, ila kuna jambo moja nataka ulichunge kwa wiki kadhaa zijazo, hata vidonda vikishakauka. Kila asubuhi akiamka mtazame macho. Yakiwa yamevimba kope, au uso umejaa, au anakojoa kidogo na mkojo umekuwa wa kahawia au wenye damu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Aina moja ya bakteria wanaoleta vidonda hivi, streptokoki, inaweza kuuchochea mwili ukaumiza figo zake wenyewe, na hilo mara nyingi hutokea wiki tatu hadi sita baada ya vidonda, wakati mwingine mapema zaidi, mzazi akiwa ameshasahau. Watoto wengi hupona kabisa, lakini wanahitaji kuangaliwa na kupimwa shinikizo la damu.

Na yeyote nyumbani akipata homa pamoja na jipu, au wekundu unaosambaa, au jipu likitokea puani au kwenye mdomo wa juu, au maumivu yakiwa makali kupita vile ngozi inavyoonekana, msilale nalo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi waziwazi. Gusa kwa mgongo wa mkono utafute joto na ugumu. Kisha chukua kalamu ya kawaida uchore mstari kuzunguka ukingo wa uvimbe na uandike saa pembeni. Uvimbe ukivuka mstari, mnaondoka kwenda hospitali, iwe ni saa tano za usiku.

Sasa damu. Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba damu ya watoto wake ni safi. Damu ya mtu mzima wa afya haina bakteria wanaoishi ndani yake. Wakiingia na kuzaliana humo, mtu huyo hayuko nyumbani akila ugali, yuko wodini akipigania maisha. Majipu yalishajulikana chanzo chake zamani. Mwaka 1880 daktari mpasuaji wa Scotland, Alexander Ogston, aliyefanya kazi Aberdeen, alichukua usaha wa jipu la mgonjwa wake akautazama kwa hadubini, akaona vijidudu vya duara vimekusanyika vichala vichala. Alipoudunga usaha huo kwa wanyama wa maabara, nao wakafanya majipu. Vijidudu hivyo ndivyo tunavyoviita stafilokoki, na ndivyo vilivyo nyuma ya karibu kila jipu utakaloliona Kayole. Impetigo huletwa na hivyo hivyo, au na streptokoki, au vyote viwili kwa pamoja.

Kwa hiyo mizizi ya kuharisha iachwe, hasa kwa watoto. Hakuna jipu linalotoka kwa choo. Linalotoka ni maji na chumvi za mwilini, na mtoto wa miaka minne anaishiwa upesi kuliko mnavyodhani.

Sindano nayo ikome leo. Jipu likiminywa kabla ya wakati wake, usaha haupandi juu tu, unasukumwa pia chini na pembeni, ndani ya nyama. Likiwa usoni karibu na pua ni hatari zaidi, maana mishipa ya damu ya sehemu hiyo ina njia ya kuelekea ndani ya fuvu. Lakini usimnyang'anye bibi wajukuu wake. Ana nia ya kuwatibu na ana muda ambao wewe huna, basi mpe kazi inayoponya. Achemshe maji yapoe mpaka yawe vuguvugu ya kuvumilika mkononi, achovye kitambaa safi, akiweke juu ya jipu la kijana kwa dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku, kila mara kitambaa kingine au hicho hicho kikiwa kimechemshwa. Anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Jipu dogo hivyo huiva na kutoka lenyewe. Likipasuka, lifutwe, lifunikwe kwa bandeji kavu, na kilichofutia kitupwe kikiwa kimefungwa kwenye karatasi. Likizidi ukubwa wa ndimu, au lisipofunguka baada ya siku chache, lipelekwe likapasuliwe na mwenye ujuzi.

Nafika kwa yaya, na hapa nataka baba watoto asome mwenyewe.

Karibu watu watatu kati ya kumi wanatembea na stafilokoki ndani ya pua zao bila kidonda, bila homa, bila kujua. Wengine wanao makwapani au kooni. Wako kwenye matatu, kanisani, ofisini, darasani. Kijidudu kinakaa kimya mpaka ngozi ipate mlango: mkwaruzo, kuumwa na mbu, wembe wa kwapa, mashine ya kinyozi. Nyumbani kwenu mko watu saba ukimhesabu bibi, kwa hiyo yawezekana kabisa kilikuwa puani mwa mmoja wenu kabla yaya hajateremka kwenye basi. Kidonda chake cha mguuni pengine kina bakteria hao, pengine hakina. Mumeo pia hunyolewa kisogo kwa mashine iliyopita kwenye vichwa vingi siku hiyo, na hakuna aliyependekeza afukuzwe nyumbani. Kijana wa darasa la nne hucheza uwanjani na wenzake magoti yakiwa yamechubuka. Hakuna daktari anayeweza kukaa Nairobi akatazama vidonda vyenu na kuwaambia nani alianza, na hata akijua, majipu hayatapungua kwa hilo. Mkimtoa msichana huyu mtaajiri mwingine, naye atakuja na pua yake.

Kinachopunguza ni kutibu nyumba yote kwa wakati mmoja. Mwaka 2012 madaktari wa St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliolinganisha watoto waliosafishwa bakteria peke yao na wale ambao jamaa zao wote nyumbani walisafishwa pamoja nao, kwa sabuni maalumu ya dawa na marhamu ya puani. Vijidudu vyenyewe havikutokomea zaidi upande wowote, lakini kwenye nyumba zilizotibiwa pamoja vidonda na majipu ya kurudia yalikuwa machache. Mimi huuchukua utafiti huo kwa uzito, kwa sababu ndivyo ninavyoona: anayetibiwa peke yake hurudi. Sabuni hiyo na marhamu ya puani msijinunulie. Daktari ataamua kama mmefika hapo, na wengi hawafiki wakishika usafi wa nyumbani na dawa sahihi.

Yaya basi aende kliniki pamoja nanyi, kidonda chake kioshwe na kitibiwe kwa gharama yenu kama mtoto wa nyumba. Mpaka kikauke, kifunikwe kila anapopika na kuosha watoto. Kidonda chenye usaha kwa mpishi kina madhara mengine pia, maana stafilokoki wakiangukia chakula kilicholala nje hutoa sumu ambayo haiishi hata chakula kikipashwa moto, na familia yote hutapika usiku mmoja. Hilo ni kwa mpishi yeyote, wewe ukiwemo.

Kuna swali ambalo hukuniandikia: je, kuna anayejikuna usiku? Angalia katikati ya vidole, viganja, kiuno na sehemu za siri za mvulana. Kama kuna vipele vinavyowasha zaidi usiku na watu zaidi ya mmoja wanajikuna, huenda mna upele, yaani wadudu wadogo wanaochimba ngozi, na majipu yanapitia kwenye mikwaruzo ya kucha. Upele haufi kwa dawa ya bakteria. Huhitaji dawa yake, ile nyeupe ya maji inayoitwa BBE au nyingine ya aina hiyo, nayo hupakwa watu wote wa nyumba siku moja, hata wasiowashwa. Kipimo cha mtoto mdogo kiulizwe kliniki kwa sababu inachoma.

Sasa ile kemisti. Ulinunua amoksilini kwa nia njema, ila kwa stafilokoki ni sawa na kutonunua. Wengi wa bakteria hawa hutengeneza kimeng'enya kinachoikatakata dawa hiyo kabla haijafanya kazi. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928 akiwa anakuza stafilokoki hao hao kwenye sahani za maabara yake London. Dawa ilipoanza kutumiwa na watu wengi miaka ya 1940, haikuchukua muda mrefu bakteria wakajifunza kuivunja. Mwaka 1959 ikaja methisilini, iliyotengenezwa mahususi isivunjwe. Kufikia 1961 Uingereza ilikuwa imeshapata stafilokoki wanaoistahimili. Ndivyo walivyo hawa wadudu. Nusu dozi ya siku tatu inaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi waliobaki.

Kwa majipu daktari huenda akachagua flukloksasilini au sefaleksini, au asitoe dawa ya kumeza kabisa kama jipu ni moja na limepasuliwa likatoka usaha wote. Msishangae akisema hivyo. Kupasua ndiyo dawa yenyewe. Kwa kuwa nyumba yenu imerudiwa, muombeni achukue usaha wa baba au wa kijana upelekwe maabara, ijulikane ni bakteria gani na wanauawa na dawa ipi. Vituo vidogo huenda visiwe na maabara hiyo, lakini hospitali ya Mama Lucy haiko mbali nanyi, ombeni rufaa. Dawa za kuua bakteria nchini Kenya kisheria ni za kuandikiwa, na nakusihi usikubali tena kukatiwa kipande cha karatasi cha vidonge dirishani.

Krimu ya "kila kitu" inanikasirisha zaidi. Igeuze tyubu usome maandishi madogo. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi, na mara nyingi imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja. Steroidi hutuliza wekundu na mwasho, ndiyo maana vidonda vilififia. Wakati huo huo inaipumbaza kinga ya ngozi, bakteria wakaendelea chini yake. Kwenye uso wa mtoto wa miaka minne hukondesha ngozi pia. Acheni kuipaka. Impetigo ya vidonda vichache hutosha marhamu halisi ya bakteria, kama mupirosini au asidi ya fusidiki, baada ya kulainisha vigaga kwa maji vuguvugu na sabuni na kuviondoa taratibu ili dawa iguse ngozi. Ikiwa imeshafika shavuni na ndugu wanaugua, kama kwenu, pengine ataongezewa ya kumeza.

Nyumbani, kwa maji hayo ya mtungi, sitakuambia ufue shuka zote kila siku. Nitakuambia kuhusu kopo la mafuta. Nyumba nyingi ninazozijua zina kopo moja kubwa la mafuta ya mgando, asubuhi kila mtu anachota kwa vidole, anapaka uso, miguu, anarudi kuchota tena. Aliyetoka kugusa jipu ameacha bakteria ndani, na mtoto anajipaka usoni. Lililopo sasa litupeni, najua lina gharama. Mkinunua jingine, wekeni kijiko safi cha kuchotea, kila mtu achotewe kiganjani mara moja, kifuniko kifungwe. Taulo iwe ya kila mtu na isitundikwe juu ya nyingine. Sponji ya kuogea vivyo hivyo, na wembe usiazimwe hata kati ya mume na mke. Kucha za watoto zikatwe fupi. Maji machache yanayopatikana yatumike kwanza kunawa mikono, kuoga kwa sabuni ya kawaida, na kufua chupi, taulo na foronya za wenye vidonda. Zianikwe juani, zikikauka zipigwe pasi yenye moto.

Kwa kinyozi, baba anunue meno yake ya mashine, au ahakikishe yamepigwa brashi nywele zote zikatoka kisha yakafutwa kwa spiriti mbele yake. Kile kisanduku chenye mwanga wa bluu hakisaidii kitu meno yakiwa bado yamejaa nywele na mafuta. Mpaka kisogo kipone, asinyolewe huko.

Mtoto anaweza kurudi chekechea saa 24 hadi 48 tangu aanze dawa sahihi, vidonda vikiwa vinakauka na vimefunikwa. Omba daktari akuandikie barua ili mwalimu asikusumbue. Binti mkubwa aliye mzima alale na taulo yake na foronya yake, basi. Hahitaji vidonge vya kujikinga.

Nendeni kliniki siku moja, wote saba, yaya akiwa ndani ya hesabu hiyo. Na siku atakayokaa foleni huko isikatwe kwenye mshahara wake.